Kwa Nini Kekeo Hajengi Kiota

Endeleeni kupukuchua mahindi, wajukuu zangu. Mikono ina kazi yake na masikio yana yake. Mmemsikia huyo anayelia upande wa korongo tangu wingu lilipoanza kujikusanya? Huyo ni kekeo. Sauti yake mnaijua, lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuona kiota chake, na hamtakiona hata mkiupekua msitu mzima, kwa kuwa hana. Yai lake hulitia katika kiota cha ndege mwingine, kisha huyo, akaenda zake. Watu humsema kwa hilo. Humwita mvivu, humwita mama asiye na uchungu. Mimi simsemi. Haya niliyapata kwa bibi yangu, naye aliyapata kwa waliomtangulia.

Ilikuwapo enzi ambayo ndege huyo hakuwamo duniani. Mvua zilikuja bila kutangazwa. Mtu aliona wingu, akaanua mavuno yake, basi. Katika enzi hiyo, juu ya milima ya Kindeni, penye ukungu na migomba, aliishi mwanamke aitwaye Nanzia. Hakuwa mtu wa makuu. Alilima magimbi na maharage kwenye matuta ya marehemu baba yake, alicheka upesi na kukasirika upesi, na akishika jambo halimponyoki. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu hata akishika kaa la moto, ataona aibu kuliachia."

Mumewe hakuwa mtu wa mlimani. Mbonea alikuja Kindeni mwaka wa ukame, akiswaga ng'ombe waliobaki ngozi na mifupa, akiomba majani kwa watu asiowajua. Nanzia alimkatia majani ya migomba siku ya kwanza kwa huruma, siku ya pili kwa mazoea, na siku zilizofuata kwa sababu alitaka kumwona. Walioana. Ng'ombe walionenepa walitolewa mahari, na Mbonea akajenga mlimani, akajifunza kula magimbi na kulala penye baridi. Wakapata binti, wakamwita Nambike. Waliokaa jirani nao walisema nyumba ile ilikuwa na kicheko.

Kisha mvua zikarudi bondeni. Nyasi zikasimama tena kule chini hadi magotini, na habari zikapanda mlimani kwamba baba yake Mbonea amefariki, na mama yake kikongwe amebaki na zizi asiloweza kulichunga. Mbonea alimwambia mkewe, "Mama Nambike, tufunge mizigo. Nyumbani kunaniita."

Nanzia alishuka naye mara moja kuona. Aliona jua lisilo na kivuli, akaona mbu wanaofunika ndama kama blanketi, akashikwa na homa iliyomtetemesha mpaka meno yakagongana. Alipopata nguvu za kutembea alimbeba mtoto mgongoni, akapanda mlima bila kugeuka.

"Mimi kule nitazikwa," alisema Mbonea alipomfuata.

Hapana, nimekosea, hayo aliyasema Nanzia. Mbonea ndiye aliyemjibu, "Na mimi huku nimekwisha kuzikwa, ila sijafukiwa."

Hawakupigana, wala hawakutukanana. Ingekuwa heri wangetukanana, kwa sababu tusi huombewa msamaha. Wao kila mmoja alibaki na haki yake mkononi, wakaitazama nyumba ikipoa kama chungu kilichoepuliwa, hadi siku moja wakakubaliana kwamba wameachana. Vyombo waligawana bila neno. Shamba lilikuwa la Nanzia, ng'ombe wa bondeni walikuwa wa Mbonea. Akabaki Nambike.

Ukoo wa Mbonea ulisema mtoto ni wa waliotoa ng'ombe. Ukoo wa Nanzia ulisema mtoto ni wa tumbo lililombeba. Maneno yakapanda na kushuka mlima, kila yakipita yakiongezwa chumvi, hadi vijana wa pande zote mbili wakaanza kunoa mikuki. Hapo Nanzia na Mbonea, waliokuwa hawasemezani, walikutana mtoni chini ya mlima, mpakani mwa nchi zao, wakasema jambo moja: hatutaki damu kwa ajili ya mtoto wetu. Tuchague mwamuzi.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa enzi ile, na ulikuwa utaratibu mzuri. Nisije nikasikia mtu anasema bibi aliubeza. Watu wa nyumba moja wakigombana hawakuanika nguo zao za ndani mbele ya ukoo mzima. Walimchagua mtu mmoja, wote wawili kwa hiari yao, wakampa shauri lao asikilize na aamue. Kabla hajaamua walikunywa maji katika kibuyu kimoja, yeye na wao, kuapa kwamba atakalolisema watalifuata. Kisha kibuyu kilivunjwa na vigae vyake vikafukiwa njiani, ili pasiwe na mtu wa kurudi kusema tunywe upya. Neno lililonywewa halitapikwi, ndivyo walivyosema. Aliyelivunja, iliaminika ukoo wake hukauka kama chemchemi iliyochokonolewa. Kwa njia hiyo magomvi mengi yalikufa yakiwa machanga, na wanandoa wengi waliachana bila jicho la mtu kutobolewa.

Walimchagua Mzee Senzota. Huyu alikuwa mgawa maji wa Kindeni. Mfereji uliotoka msituni ulipita mikononi mwake kabla ya kufika shamba la yeyote. Yeye ndiye aliyejua leo maji ni ya nani na kesho ni ya nani, akafungua hapa kwa jembe lake na kuziba pale kwa udongo. Tangu ashike kazi hiyo hakuna shamba lililokufa kwa kiu, na hakuna ndugu waliopigana majembe usiku kwa ajili ya zamu. Nani angekuwa mwadilifu kuliko yeye? Hata watu wa bondeni walilijua jina lake.

Mzee Senzota aliwasikiliza kwa utulivu, kwanza mmoja mmoja, kisha wote pamoja, wamekaa ukingoni mwa bwawa la mfereji. Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza homa ya bondeni huja lini, akaambiwa huja na mvua, mbu wanapozaliana. Aliuliza baridi ya mlimani huuma lini, akaambiwa kiangazi, pepo zinapovuma na vyakula vinapopungua, wakati bondeni kuna maziwa. Nambike hakuulizwa chochote. Alikuwa kando pamoja na mama yake mkubwa, Nakijwa, akichezea matope. Nani aliyewahi kumwuliza mtoto?

Walikunywa. Kibuyu kikapasuliwa juu ya jiwe. Mzee Senzota akasema:

"Nimegawa maji maisha yangu yote, na sijui njia nyingine ya kugawa kitu ambacho hakikatwi. Ni zamu. Mvua zikinyesha, mtoto yuko mlimani kwa mama yake, mbali na homa. Jua likiwaka, yuko bondeni kwa baba yake, kwenye maziwa. Tone la kwanza la mvua likigusa ardhi, baba amlete mtoni, avuke naye, amkabidhi. Magimbi yakianza kunyauka majani, mama naye amshushe hadi mtoni, avuke naye, amkabidhi. Nimemaliza."

Watu walipumua. Lilikuwa neno zuri, na halikumpendelea mtu. Mikuki ikarudishwa darini. Nanzia mwenyewe usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa muda mrefu, mkono wake juu ya tumbo la mtoto, akifikiri kwamba ameshinda. Kule bondeni Mbonea naye, wanasema, alilala akifikiri hivyo hivyo.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Mvua ziliponyesha, Mbonea alionekana mtoni na mtoto begani. Magimbi yaliponyauka, Nanzia alimteremsha. Walisalimiana kama watu wazima. Lakini mbingu hazikuwapo siku ile kibuyu kilipovunjwa, wala hazikuapa. Mwaka mmoja manyunyu yalianguka mlimani, mepesi kama jasho, na Nanzia akaenda mtoni akangoja mpaka jua likazama. Hakuja mtu. Alipotuma ujumbe, Mbonea alijibu kwamba kwake bado ni vumbi.

Mwaka uliofuata Nanzia aliona majani ya magimbi yanaanza kunyauka pembeni. Akachota maji, akayamwagilia. Yakakaa kijani muda mrefu, na Nambike akakaa mlimani muda huo huo, huku Mbonea akija mtoni na kurudi mikono mitupu. Nanzia hakujiona mwizi. Alijiambia kwamba anarudisha alichoibiwa. Na Mbonea, msimu wa mvua ulipofika, akasema kilichoanguka si mvua, ni umande.

Nakijwa alikuwa hamsaidii mdogo wake. Jioni wakimenya ndizi alisema, "Siku anazokuibia hazirudi, mdogo wangu. Mtoto ni siku. Akikumalizia siku, umebaki na nini?" Nanzia aliendelea kumenya, lakini maneno yalizama ndani.

Sasa niwaambie habari za Nambike, kwa kuwa katika shauri hilo lote yeye ndiye aliyesemwa sana na kutazamwa kidogo. Alikuwa amekua, ameota meno ya utu uzima. Watoto wa Kindeni walimwita mtoto wa vumbi. Watoto wa bondeni walimwita mtoto wa ukungu. Akifika huku alikuta michezo imebadilika na mwenzake amepata rafiki mwingine. Akianza kuzoea, anaondoka. Akawa mtoto wa kunyamaza. Alikula alichopewa, alilala alipoonyeshwa. Jambo moja tu alilifanya bila kuambiwa: akiwa bondeni, wingu likitokea, alikwenda kufunga kifurushi chake mwenyewe na kukaa nacho mlangoni, akiwa mlimani, alikwenda kila asubuhi kuyashika majani ya magimbi.

Siku moja Nanzia alimkuta shambani ameinama hivyo. Mtoto akamwuliza, "Mama, mvua isiponyesha kabisa, wala jua lisipowaka kabisa, mimi nitakuwa wa nani?"

Nanzia alimshika mkono, akaenda naye moja kwa moja kwa Mzee Senzota, akamkuta ameinama kwenye mfereji na jembe lake.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, lile neno letu linatuumiza. Ulisema tone la kwanza likigusa ardhi. Ardhi ya wapi? Ya huku au ya kule? Na mtoto anakonda kwa kutazama mbingu. Tunaomba uliangalie tena."

Mzee Senzota alimtazama Nambike kwa muda. Bibi alikuwa akisimulia kwamba macho yake yalilainika, na kwamba kama angefungua kinywa wakati ule ule, mimi leo nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia. Lakini alikuwa mtu aliyeogopa kubomoka kwa ukuta kuliko kuanguka kwa jiwe.

"Kibuyu kilishavunjwa, mwanangu," alisema. "Nikilisema upya, nitakuwa nimesema la pili, nanyi hamkunywa kwa ajili ya la pili. Na nikililegeza lenu, kesho watakuja wote niliowahi kuwaamua, na keshokutwa watakuja wa mfereji. Mwenzako amekuja na swali hili hili. Nilimjibu hivi hivi."

"Mbonea alikuja?"

"Alikuja."

"Alitaka nini?"

"Alitaka ulichotaka."

Neno hilo lingeweza kuwaokoa. Nanzia angeweza kushuka bondeni siku ile ile akamwambia mwenziwe: baba Nambike, wote tumechoka, tukae tuseme wenyewe. Lakini alikuwa na vidonda vya miaka, na mwenye kidonda huona kila mkono unaomjia unakuja kumtonesha. Alijiuliza: Mbonea alikuja kutafuta nini nyuma yangu? Alitaka ardhi iwe ya kwake. Alitaka kuniongezea kiangazi. Akarudi nyumbani amekaza uso, na hakumtuma mtu yeyote. Magimbi yaliponyauka, alimshusha mtoto bila kuongea na baba yake hata salamu.

Mwaka ule kiangazi kilirefuka. Halafu mvua zilikuja si kwa manyunyu, bali kwa kishindo. Zilianza kupiga vilele vya Kindeni alfajiri, udongo ukateremka na migomba ikalala, na Nanzia alikuwa ameshafika njiani kabla watu hawajaamka. Alisema moyoni, leo hakuna mtu wa kuniambia ni umande. Alishuka akiteleza, akishika mizizi, nguo zimemganda mwilini, na alipofika mtoni akamwona Mbonea upande wa pili. Safari hii hakuchelewa hata kidogo. Alikuwa amesimama na Nambike ubavuni, na kifurushi cha mtoto kimefungwa.

Kati yao mto ulikuwa umepanda, mwekundu, ukisukuma magogo na vichaka vizima. Upande wa Mbonea hata mvua ilikuwa haijafika vizuri. Matone mazito machache yalikuwa yakipiga vumbi. Maji yale yalikuwa ya mlimani.

"Mama Nambike!" Mbonea alipaza sauti. "Mto umejaa! Sema ningoje!"

Nanzia alimsikia. Na hili msilisahau, maana watu wengine huisimulia hadithi hii wakisema kelele za maji zilimzuia kusikia. Alimsikia vizuri.

"Neno linasema tone la kwanza!" alijibu.

"Nalijua neno! Nimekuja, si unaniona? Nisipovuka nimekivunja kiapo, na nina mama na ndugu. Lakini haki ya leo ni yako. Ukisema wewe ningoje, kiapo hakinikamati! Sema ningoje mpaka maji yapungue!"

"Mwaka juzi ulisema ningoje vumbi litulie! Mwaka jana ukasema ningoje umande ukauke! Leo ni mto. Kesho utakuwa nini?"

"Unaona maji haya, au huyaoni?"

"Namwona mtu anayetafuta siku!"

Mbonea alisimama kimya. Nanzia alikaa maisha yake yote yaliyobaki, kama ni maisha, akiutazama ukimya ule. Angeweza kuujaza kwa neno moja. Lilikuwa limemfika kooni, alilisikia likimgusa. Lakini akaliona aibu. Aliona kwamba akilisema ameshindwa, na kwamba kuanzia siku hiyo Mbonea atakuwa akimwomba angoje kila mwaka. Akafunga mdomo.

Mbonea akainama, akampandisha mtoto mabegani. Nambike hakulia. Alikishika kichwa cha baba yake kwa mikono yote miwili kama alivyokuwa amezoea, akamtazama mama yake ng'ambo, akiwa na uso wa mtu mzima anayekwenda kazini. Mbonea akaingia majini.

Alikuwa mtu mwenye nguvu na mto ule aliujua. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, na alikuwa amekwisha kuvuka nusu na zaidi, kiasi cha Nanzia kunyoosha mikono. Gogo lilikuja limezama. Halikuonekana. Lilimpiga Mbonea miguu, akaenda chini, na alipoibuka mabega yake yalikuwa matupu.

Nanzia alijitupa mtoni. Maji yalimzungusha, yakamgonga kwenye mawe, yakamrudisha ukingoni kama kitu yasichokihitaji. Chini zaidi yakamtupa Mbonea katika matete, upande ule ule wa mlimani. Waliinuka wote wawili, wakakimbia.

Wale watu ambao hawakuwa wameketi pamoja miaka yote ile walitembea ukingoni wakiwa bega kwa bega, wakiita jina moja. Waliita mpaka sauti zikapasuka. Walipekua matete, walitia mikono chini ya mizizi, walishikana mikono kuvuka vijito ili mmoja asianguke. Watu wa mlimani wakaja, watu wa bondeni wakaja ng'ambo, na koo zilizokuwa zikinoa mikuki zilitafuta pamoja hadi mto uliposhuka na kuwa mwembamba na safi, mchanga ukaonekana. Hawakumpata. Mto haukurudisha hata kifurushi.

Siku watu walipokata tamaa, Nanzia na Mbonea walibaki wamekaa kwenye mchanga. Ndipo Mbonea aliposema, bila hasira, "Ungesema tu ningoje."

Nanzia akajibu, "Ungekataa tu kuvuka."

Mbonea aliinuka akavuka mto, ambao sasa ulimfika kwenye vifundo vya miguu, akaenda zake bondeni, na hadithi haijui habari zake tena.

Nanzia alipanda hadi kwenye mfereji. Mzee Senzota alikuwa amekaa chini, jembe limelala pembeni, na maji yalikuwa yakimwagika ovyo kwenye shamba ambalo halikuwa na zamu.

"Mzee," alisema Nanzia. "Nimekuja uliangalie lile neno tena."

Mzee Senzota alilia mbele yake. Mzee wa umri ule. "Limefunguka, mwanangu," alisema. "Limefunguka lenyewe. Mimi nilikuwa na mkono, sikuutumia." Akataka kumshika, lakini Nanzia alirudi nyuma.

"Ulikuwa na haki, Mzee," alisema. "Mbonea alikuwa na haki. Na mimi nilikuwa na haki. Sote tulikuwa na haki."

Hakwenda nyumbani. Nakijwa alimfuata, akamshika nguo, nguo ikambakia mkononi. Nanzia aliufuata mto kuingia msituni, na lile neno ambalo lilikuwa limemkwama kooni siku ile sasa lilifunguka na halikukubali kunyamaza. Alilitoa kwa sauti, akalirudia, akalirudia: "Ungoje! Ungoje! Ungoje!" Waliokuwa wakikata kuni walimsikia akipita, siku baada ya siku, sauti ikizidi kuwa nyembamba na kupanda juu, hadi wakaanza kuisikia ikitoka matawini. Mtu mmoja aliinua macho, akaona ndege wa kijivu mwenye kifua chekundu kama maji ya mto ule. Ndege akaruka mti wa pili, akalia tena.

Watu wa Kindeni waliendelea kuchagua waamuzi, kwa kuwa magomvi ya nyumba hayakwisha, na hata leo mnajua tunafanya hivyo. Shamba huamuliwa, vyombo huamuliwa, mahari huamuliwa, na maji hunywewa. Lakini shauri la mtoto halinywewi. Husemwa likaachwa wazi, na mzazi yeyote anaweza kuja tena asubuhi kusema linaumiza, na mwamuzi lazima ainuke aliangalie upya. Ni utaratibu mwema kuliko ule. Ulikuja baada ya Nambike, si kabla yake.

Na tangu siku hiyo kekeo hulia kila mvua zinapokaribia, usiku na mchana bila kupumzika, akiwaambia walio mtoni neno ambalo hawalielewi. Na tangu siku hiyo hajengi kiota. Wakati wake ukifika, hutafuta kiota cha ndege mdogo, hutia yai lake humo upesi, akaondoka kabla halijapasuka. Hataki kuwa na kitu cha kukiita changu. Kinda lake hulelewa na wageni, hukua, huruka, naye hukaa mti wa mbali, analisikia, wala halisogelei.